Diski Yenye Masikio

Leo Jumamosi, tarehe 30 Novemba 1996, Mzee Absalom Ochieng anaivua ovaroli ya buluu aliyoivaa kwa miaka ishirini na tisa. Si ovaroli ileile, jamani, hakuna kitambaa cha namna hiyo duniani. Lakini aliye ndani ni yuleyule, kaongeza tumbo kidogo tu tangu mwaka wa 1967, alipoingia lango la Karakana ya Gurbachan Singh hapa Barabara ya Kibos akiwa kijana wa kupiga nyundo asiye na viatu vya kazi.

Mimi niliyepewa jukumu la kuandika wasifu huu ni Metrine Walubengo wa ofisini, yule mnayemwita Madam Taipu mkidhani hasikii. Niliambiwa niandike ukurasa mmoja wenye heshima. Ukurasa mmoja umenishinda, na heshima nayo imenishinda kidogo, kwa sababu kila nikimkumbuka Mzee Absalom nacheka mpaka herufi zinapishana kwenye mashine.

Hata hivyo chini ya kicheko kuna jambo. Jumatatu Mzee anahamia nyumbani kwao Kisian, na wiki hii nzima karakana haikuongea habari nyingine ila moja: akifika huko, kwenye boma la baba yake, machoni pa ndugu zake na dada yake mkubwa, atapika au hatapika? Mgeni wetu usiyejua mambo, usicheke kwanza. Kuna mtu ambaye afya yake inategemea jibu la swali hilo, naye ni mke wa Mzee. Ili uelewe, sharti nianze na plau.

Mzee Absalom ni fundi wa diski za plau. Zile sahani kubwa za chuma zinazolima mashamba ya miwa kule Muhoroni huletwa hapa zikiwa zimepasuka, zimeliwa na mawe, nyingine zimepinda hata huwezi kujua zilikuwa duara. Yeye huzichomelea, huzinyoosha, huzitia makali, zikarudi shambani na kiburi chao. Amezishika nyingi mno. Pia ni mtu wa kutumwa mbali. Aliwahi kwenda Luanda Kotieno kulehemu boti ya chuma akiwa amesimama majini hadi magotini, huku wavuvi ufuoni wakimwombea kwa sauti asipigwe na stima ya mashine yake. Alimaliza, akatoka, akauliza kama kuna samaki. Kazi yake ilikuwa hivyo, bila hotuba.

Kwa upande wa jikoni hakuwa na habari yoyote. Alizaliwa katika boma ambalo mwanamume akionekana karibu na mafiga, bibi humwuliza kama amepoteza kitu.

Mwaka wa 1987 akaja Bwana Liang, fundi kutoka Uchina aliyeletwa kufunga mashine za kukoboa mpunga upande wa Ahero. Kiswahili chake kilikuwa maneno matatu aliyoyaokota kazini: moto, haraka na kidogo. Kichina chetu sisi kilikuwa sifuri, kwa hiyo hakuna aliyemcheka mwenzake. Siku moja aliingia na karatasi aliyokuwa amechorea kitu mfano wa bakuli pana. Alitaka karai la chuma lenye tumbo la mviringo, maana sufuria za dukani zilikuwa zimemchosha. Mzee Absalom aliitazama picha, akalitazama rundo la diski zilizokataliwa na Muhoroni, akavuta moja. Aliziba tundu la katikati, akaisugua kwa graenda ndani na nje mpaka ikang'aa, akachomelea masikio mawili ya nondo kandokando. Chai ya saa nne ilikuwa haijapoa.

Bwana Liang hakungoja afike kwake. Alitoa kwenye mfuko aliokuja nao kabichi, karoti, pilipili hoho, tangawizi na kitunguu saumu, akaomba nafasi kwenye tanuri letu, lile la kuchomea vyuma mpaka viwe vyekundu. Kwanza alikatakata kila kitu vipande vyembamba, akavipanga juu ya meza ya Tom, fundi wetu wa kukereza vyuma, na Tom alikasirika. Kisha akaliweka karai juu ya makaa, akamimina mafuta kiasi cha kijiko. "Kidogo," akasema. Akaonyesha makaa kwa kidole: "Moto." Akatupa tangawizi na saumu, akatupa karoti, akatupa mengine, akayarusha juu yakarudi, akayarusha tena, na tulipoanza kuelewa kinachoendelea alikuwa ameshapakua. "Haraka," akasema, akafuta jasho. Hayo ndiyo masomo yote aliyotoa, na mpaka leo sijasikia somo jingine la upishi lililozidi hilo.

Tulionja. Mzee Singh, mwenye karakana, alikula na chapati zake za nyumbani, kisha akajifanya hakuonja vizuri ili apewe tena. Tom alikataa katakata. Kwao, kama kwa wengi wa pande hizi, mboga hupikwa leo, ikalala, kesho ikaongezwa maziwa ikachemshwa tena, na ikilala mara ya pili ndiyo huitwa mboga. "Omera, ndugu yangu, hii haijalala hata kidogo," alisema. "Hii bado iko macho." Mzee Absalom yeye alitafuna, akatafuna tena. Alisema ziko na kelele mdomoni, na kwamba kelele hiyo ameipenda. Bwana Liang akaondoka na karai lake, tukarudi kazini, na habari ingeishia hapo.

Mwaka uliofuata akaanguka Mama Dorca.

Mama Dorca, mke wa Mzee, wengi mnamfahamu kwa samaki. Alikuwa akikaanga mbuta pale sokoni Kibuye, na mbuta wake alikuwa akizama kwenye mafuta mpaka mkia unasimama. Alianguka palepale kando ya karai lake. Hospitalini wakamwambia ana presha: ameze dawa, apumzike, apunguze chumvi, apunguze mafuta, ale mboga. Kumwambia Mama Dorca apunguze mafuta ni sawa na kumwambia mwalimu wa kwaya apunguze kuimba. Alirudishwa nyumbani kwake na Mzee, mtaani Manyatta, akawa analetewa kabichi ya kuchemsha. Aliitazama, akasema hayo ni maji ya kuoshea sufuria, mtu ameyasahau ndani. Akawa anameza dawa na kukataa chakula. Leso iliyokuwa ikimtosha kwa shida ikaanza kumzunguka mara mbili.

Nyumba haikuwa na mpishi. Aoko, binti yao, alikuwa shule ya bweni. Majirani walisaidia, lakini jirani naye ana jiko lake. Ndipo Mama Lornah, dada mkubwa wa Mzee Absalom, alipofika kutoka Kisian na kikapu cha omena, dagaa wa ziwani, na suluhisho. Suluhisho lilikuwa msichana wa huko nyumbani, mwenye nguvu, wa familia nzuri, aje kuwa mke wa pili. Mama Lornah alilisema jambo hilo kwa sauti ya chini, lakini sauti yake ya chini huvuka barabara, na ukuta ulikuwa wa mabati. "Nyumba haiwezi kaa bila mtu ya kushika mwiko," alisema. "Na wewe si mwanamke." Mama Dorca alikuwa kitandani upande wa pili. Tangu siku hiyo hata uji aliuacha.

Kiswahili nacho kina mzaha wake. Mwiko ni ule mti wa kusongea ugali, na mwiko ni lile jambo ambalo wazee wamekataza. Kwa kina Mzee Absalom maneno hayo mawili ni kitu kimoja: ni mwiko mwanamume kushika mwiko. Baba yake alimwambia tangu utotoni kwamba mwanamume akiushika, siku atakaposimama mbele ya wazee sauti yake haitatoka. Mzee Absalom si mtu wa kudharau maneno ya baba yake. Pia hakutaka mke wa pili, na zaidi ya yote hakutaka kumzika wa kwanza. Alikuja kazini kesho yake na uso wa mtu aliyemeza msumari, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Singh, ambaye, kwa wasiojua, anaongea Kijaluo kunishinda mimi.

"Nataka diski moja."

"Ya nini?"

"Ya nyumbani."

"Nyumbani umepanda miwa?"

"Bado."

Mzee Singh alimpa. Alimjua mtu wake.

Mapishi ya kwanza yalikuwa balaa tupu, na nayaandika hapa kwa idhini ya Mama Dorca. Lile la Bwana Liang alilisugua vizuri kwa kuwa lilikuwa la mteja. Hili lake, kwa haraka, alichomelea masikio akasahau kwamba upande wa ndani bado una rangi nyekundu ya kiwandani. Akatia kabichi na karoti kwa pamoja, akawasha moto wa upole kama wa kuchemshia maziwa, akafunika. Alipofunua, kabichi ilikuwa uji, na uji ulikuwa wa waridi. Aliupeleka kitandani hivyohivyo, maskini, kwa mikono miwili. Mama Dorca aliinuka kwa kiwiko, akatazama sahani, akamtazama mumewe. "Baba Aoko," akauliza, "hii ni mboga ama ni uniform ya Aoko?" Kisha akacheka. Alicheka mpaka kitanda kikasogea, na Mzee Absalom, ambaye hakuwa amemsikia akicheka tangu aanguke, akaimwaga ile mboga nje akiwa na furaha kuliko mtu aliyesifiwa.

Siku iliyofuata aliisugua diski kama ya mteja. Akaazima kwa Mzee Singh ile feni ya mkono ya tanuri letu dogo, ili jiko la makaa lipate moto wa kweli. Ikabaki shida ya kitu cha kugeuzia. Mwiko hangeshika, baba yake alishakataza. Basi akachukua kipande cha springi ya lori, akakifua kikawa bapa mbele na chenye mpini nyuma, akakiita spana. Mwanamume kushika spana si mwiko hata kidogo, ni kazi yake ya kila siku. Baba yake huko aliko asingekuwa na la kusema.

Jioni hiyo alikata minofu ya mbuta vipande vyembamba, akakata karoti, hoho na kabichi, akaponda tangawizi na saumu, akapuliza moto mpaka karai likatoa moshi. Mama Dorca ananiambia kwamba harufu ya tangawizi ndiyo iliyomwamsha, na kwamba alidhani kuna sherehe kwa jirani. Aliletewa sahani. Akala kidogo, akasema haina chumvi. Akala tena. Karoti ilikuwa na kelele. Akauliza kama imebaki. Mzee Absalom alitoka nje kwenda kuangalia kama imebaki, na alikaa huko nje muda mrefu kuliko inavyohitajika kuangalia karai, akajipangusa macho kwa ovaroli.

Msichana wa Kisian akatumiwa salamu kwamba asijisumbue.

Tangu hapo mambo yakawa ya siri. Kila jioni mlango wa nyuma wa nyumba ile ulifungwa, feni ikasikika, chuma kikagonga chuma, na majirani wakaambiwa kwamba Mzee ana plau anayoitengeneza baada ya kazi. Waliamini, maana alikuwa fundi wa plau. Jirani mmoja tu, mama mwenye pua, alimwuliza Aoko alipokuja likizo ni plau ya aina gani hiyo inayonukia kitunguu saumu. Mtoto akajibu kwamba ni plau ya kisasa. Karakana nayo haikujua kitu, wala Mzee Singh hakumwambia mtu.

Siri ilifichuka mwaka wa 1990, na aliyeifichua ni karai lenyewe. Sikio moja lilikuwa limelegea. Mzee akalileta kazini asubuhi, akalichomelea mapema, akaliweka chini lipoe, kando ya diski za Muhoroni zilizokuwa zikingoja mwenyewe. Mwenyewe akaja. Gordon, dereva wa pikapu ya shamba, akapakia kila kilichokuwa duara, akaenda zake. Saa ya chai Mzee Absalom akatazama pale chini, akatazama barabarani. Sijawahi kumwona mtu mzima akivua kofia na kuivaa mara nyingi vile. Hakusema amepoteza nini. Alichukua baiskeli ya Tom bila kuomba, akapiga kanyagio hadi Mamboleo, pale akadandia lori tupu la miwa lililokuwa likirudi, baiskeli na yote.

Kule shambani akamkuta Khaemba, msimamizi, ameiinua diski hiyo juu ya kichwa chake, na vibarua wamemzunguka. Walikuwa wamejaribu kuifunga kwenye plau ikakataa, maana tundu la katikati halikuwepo. "Hii ingine imeota masikio," Khaemba alikuwa akisema. "Tena iko na harufu ya sikukuu." Mzee Absalom alifika amejaa vumbi, akasimama mbele ya watu wote hao. Angeweza kusema chochote. Angesema ni sinia ya mafuta machafu, wangemrudishia. Badala yake alisema ukweli, kwa sababu jua lilikuwa linapita na saa ya chakula cha jioni ilikuwa inakuja. "Ni yangu. Bibi yangu iko na presha, mimi ndio nampikia. Hakuna ingine anakula."

Alingoja wacheke. Khaemba aliteremsha diski, akaifuta vumbi kwa shati lake mwenyewe, akamkabidhi. Kisha akatuma mtu kwenye bustani akaja na vitunguu, karoti na hoho gunia nusu, akamwamuru Gordon amrudishe Mzee mpaka mlangoni kwake. Mama Dorca alikula kwa wakati, na mboga mbichi kabisa.

Kucheka tulicheka sisi, kesho yake, Jumamosi. Gordon alikuwa amepita hapa kwanza na kueleza kila kitu. Mzee Absalom alipoingia langoni tulikuwa tumepanga mstari, kila mtu na kipande cha chuma, tukakigonga na kuimba "Spana, Spana". Alitupita bila kugeuka. Saa sita alirudi na karai, akaliweka juu ya tanuri na kusema tangu siku hiyo hakuna mtu wa karakana hii atakayemcheka akiwa ameshiba. Ndivyo ilivyoanza Jumamosi yetu ya karai, ambayo haijakosa mpaka leo. Ni mimi niliyekuwa nikitumwa dukani kwa Bwana Shashikant kununua chupa ya sosi ya soya, na Mzee alikuwa akiificha chupa ile kama pombe, kwa sababu ina chumvi nyingi na sisi hatuna adabu. Ikiisha, ndimu na pilipili zilitosha.

Kuku alituletea ugomvi mmoja tu. Kwetu Bungoma firigisi ina mwenyewe, na mgongo una mwenyewe. Mzee alimkata kuku vipande vyembamba, akamtoa ngozi, akamchanganya na mboga hata ukoo wake haukujulikana. Nikauliza firigisi iko wapi. "Tafuta," akasema. Nimetafuta miaka sita. Nina hakika Mzee Singh huila.

Kwa wale wanaoniuliza kila siku aliwezaje, haya ndiyo mafunzo yake, nami nimeyasikia mara nyingi kuliko amri kumi. Kata kila kitu kabla ya kuwasha moto, kwa kuwa moto haumngoji anayetafuta kisu. Karai lipate moto mpaka tone la maji likianguka lichezecheze. Mafuta kijiko, ya kumiminika, si yale ya kuganda. Tangawizi na saumu hutangulia. Nyama au samaki hupita mara moja, vikatolewa vikae pembeni. Karoti iingie kabla ya kabichi, maana karoti ina kichwa kigumu. Usitie maji, usifunike, usiende kusalimia mtu. Rudisha nyama, dondoshea sosi, pakua, kula hapohapo na ugali wa kiasi. Ukiona mboga imelala, umechelewa. Tom anasema yeye bado ni mtu wa mboga iliyolala, lakini hula akiwa amesimama karibu na karai, ili awe wa kwanza.

Presha ya Mama Dorca ilishuka, akaendelea na dawa zake, na leso ikarudi kumtosha kwa shida kama zamani. Alirudi Kibuye kuuza, safari hii nyanya na karoti. Daktari alimwuliza anakula nini. Alimjibu kwamba anakula plau.

Mtu mmoja tu hakuambiwa habari hii, naye ni Mama Lornah. Kila Desemba alikuja kutembea. Saa ya chakula ikikaribia, Mzee Absalom alikuwa akiinuka na kusema anakwenda nyuma kuangalia plau. Mama Dorca akimfuata baada ya kitambo kidogo. Feni ikilia, chuma kikigonga, kisha Mama Dorca akirudi peke yake na sahani zinazofuka moshi, na Mzee akiingia mwisho kabisa, amenawa, akiuliza leo tunakula nini. Mama Lornah alikula kila kitu. Alisema wazi kwamba wifi yake siku hizi anapika kuliko zamani, kwamba ugonjwa umemfundisha. Mzee alisoma gazeti. Mara nyingine lilikuwa juu chini.

Sasa turudi kwenye lile swali. Manyatta ina mlango wa nyuma. Boma la Kisian halina mlango wa nyuma. Lina ua, nyumba za ndugu, watoto wanaoona kila kitu, na Mama Lornah ng'ambo ya njia. Jumatano iliyopita Mzee Absalom alipanda juu ya stuli, akaitundika spana yake ukutani pamoja na spana nyingine za karakana, akasema inabaki hapa. Tukamwuliza kwa nini. "Dala ni dala," akasema, yaani nyumbani ni nyumbani. Alicheka aliposema, lakini hakutuangalia. Tuliobaki tulicheka naye kwa sababu hatukujua la kufanya. Mimi nilirudi ofisini nikakaa mbele ya mashine na sikuandika chochote. Iliniuma, nasema kweli, kwamba mtu anaweza kusimama mbele ya shamba zima la Muhoroni akasema ukweli, kisha akaogopa ua wa baba yake.

Alhamisi akaja Mama Dorca ofisini. Alikaa, akapumua, akakataa chai ya sukari. "Metrine nyathina," akaniita, maana yeye huniita mwanawe, "huyu mzee anaacha spana hapa. Sasa mimi huko nitakula nini? Nitarudi kwa kabichi ya maji?" Nikamwambia tumechanga kumnunulia Mzee saa ya ukutani. Alinitazama kama alivyoitazama ile kabichi ya waridi. "Atatazama saa aone njaa inafika saa ngapi," akasema. Akaniambia kitu anachotaka Mzee apewe, na nani ampe. Nilisimama nikamkumbatia, na chai ikamwagika juu ya karatasi za watu.

Kuna jambo moja Mama Dorca alilisema akiwa ameshafika mlangoni, na nimeliweka mpaka sasa. Zawadi hiyo hakwenda kuinunua peke yake pale Kibuye. Alikwenda na wifi yake. Alikuwa amejikaza, akamweleza Mama Lornah kila kitu tangu uji wa waridi, akangoja radi ipige. Mama Lornah aliendelea kupekua mbao za mwuzaji. "Nilikuwa najua," akasema. "Plau gani inaangaliwa saa ya chakula peke yake? Huyo ndugu yangu anafikiri mimi sina pua?" Mama Dorca akamwuliza kwa nini basi alinyamaza miaka yote hiyo. "Nilikuwa nakula," Mama Lornah akajibu. Kisha, akiwa bado ameinama, akaongeza kwamba siku ile ya mabati alisema neno baya, na kwamba kila Desemba alikuwa akija kuhakikisha wifi yake bado yupo.

Kwa niaba ya Mzee Singh, mafundi wote, ofisi, na Muhoroni ambako bado wanaiita diski yetu ile yenye masikio, karakana inakushukuru Mzee Absalom kwa chuma chote ulichokinyoosha na kwa kutufundisha kula mboga zikiwa macho. Ero kamano, asante sana. Nenda nyumbani salama, moto wako uwe mwingi, mafuta yako yawe kidogo, na kwa mambo mengine yote usiwe na haraka.

Ukifika mstari huu, Mzee, inua macho kutoka kwenye nakala yako. Kuna wanawake wawili wanakuja mbele, mke wako na dada yako, na mmoja ameficha kitu chini ya leso. Ni mwiko. Mwiko wa mti, wa kweli, wala si spana. Mama Lornah ndiye aliyeuchagua, na alikataa mifupi yote ili usije ukaungua mkono. Karai lako lipo juu ya tanuri, mboga zimeshakatwa, Tom amekaa karibu.

Shika mwiko, Mzee. Dada yako ana njaa.